Matanga ya Mtoto wa Moshi

Sikusoma sana. Nilifika juzuu ya nane ya Kurani katika chuo chetu cha Kasongo, kisha ndui ikaingia mjini, ikamchukua baba wiki ya kwanza na mama wiki ya tatu. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu alikuwapo mdogo wangu wa kiume, wa miaka kumi hivi, na kitinda mimba wetu wa kike, ambaye alikuwa bado anabadilisha meno. Ubao wangu wa kuandikia nikauegemeza nyuma ya mlango nikashika jembe, kwa sababu shamba la mpunga la mama lilikuwa limekwisha kupandwa, na ndege hawamngojei mtu amalize kusoma.

Kabla ya kufumba macho mama alisema neno moja tu: "Musitawanyike." Hakusema tutakula nini, wala nani atatusimamia. Neno hilo moja nikalishika, maana sikuwa na jingine la kushika.

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alikaa Kabambare. Alikuwa mtu wa misafara, mwenye nyumba pana na watu wengi. Alituletea habari kwamba mpunga ukishavunwa atakuja kutupanga: kitinda mimba atakwenda kukaa kwake Kabambare, mdogo wangu atakwenda kwa shangazi Nyangwe, na mimi nitatafutiwa mume. Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo yatima walivyopangwa katika kila nyumba ya mji wetu, na watu husema ni heri. Nami nilijua ni heri. Lakini nilikuwa nimeambiwa tusitawanyike.

Mwaka huo ndipo tulipompata Fundi.

Alikuja na mzungu mmoja mpita njia, akiwa mshonaji na mpishi wake. Donda la mguuni likamzidi, mzungu akaendelea na safari, yeye akaachwa Kasongo. Bibi jirani yetu, mjane asiyeogopa usaha wala maneno ya watu, alimpa nafasi kwenye baraza yake, akamwosha donda kila siku kwa maji ya majani. Fundi alisema Kiswahili cha Unguja, cha kuchonga, na watoto walikuwa wakimwiga. Alishona kanzu kwa mkono akiwa amenyoosha mguu wake juu ya kigoda. Na katika mfuko wake, ndani ya kipande cha kaniki, alikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza.

Baada ya alasiri sisi wanawake wa upande ule tulikuwa tunakutana kwenye baraza hiyo, huyu anasuka mkeka, huyu anapepeta mchele. Siku moja Bibi akamwambia, "Weye Fundi, hiyo kitabu unaiangalia kila siku kama muke. Tusomee na sisi."

"Ni ya Kiingereza, Bibi."

"Basi itoe mu Kiingereza uilete huku. Miguu ndiyo imekushinda, ulimi je?"

Tukacheka. Naye akakifungua.

Hivyo ndivyo nilivyorudi chuoni, mimi niliyedhani nimekwisha kuachana nacho. Fundi hakuwa anasoma tu. Alisoma mistari kwa Kiingereza, taratibu, tukasikia yale maneno yanavyosagana mdomoni, kisha akatupa maana, kisha akasimama kueleza mambo yenyewe, maana bila hivyo tusingeelewa kitu. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Uingereza. Alilelewa na Waingereza huko Unguja, katika nyumba ya misheni, na mwalimu wake, mwanamke wa Kiingereza, ndiye aliyemfundisha kwamba kitabu hakisomwi peke yake. Lazima ujue watu wake wanakula nini, wanamwogopa nani, na sheria yao inasemaje.

Kitabu kilihusu watoto watatu katika mji wa moshi. Baba yao alikuwa mfumaji nguo, mashine zikaja zikamnyang'anya kazi, akafa. Mama naye akafa kwa kifua. Aliyebaki mkubwa ni msichana, nyuma yake mvulana, na wa mwisho mtoto wa kike. Fundi aliposoma hapo mkono wangu ulisimama ndani ya ungo. Hakuna aliyenitazama, na hapo nikajua wote wananitazama.

"Moshi wa nini, mji mzima?" mmoja akauliza.

"Wa mashine za nyuzi," Fundi akasema. Akainua ile kanzu ya bafta nyeupe aliyokuwa anaishona, akatuonyesha muhuri wa buluu uliopigwa kwenye pindo. "Hii imetoka huko. Kuna watoto wanatambaa chini ya mashine wakiokota pamba iliyoanguka."

Bibi akaishika bafta ile akainusa, kama mtu anayetafuta harufu ya moshi.

Kwa siku nyingi tulisoma hivyo. Tulijifunza kwamba kule kuna baridi inayoanguka kutoka juu ikiwa nyeupe na kukaa chini kama unga. Tulijifunza kwamba mtu hufukuzwa nyumbani kwa kukosa kodi hata kama ana mtoto mchanga. Lakini jambo lililotushinda kabisa ni Nyumba Kubwa ya Maskini. Asiyeweza kujilisha hupelekwa huko kwa sheria. Mlangoni humvua nguo zake na kumpa nguo za nyumba, humkata nywele, na hapo hapo hutenganishwa: wanaume huku, wanawake kule, watoto mahali pengine. Wale ndugu watatu wakafikishwa kwenye mlango huo.

"Hawana shangazi?" Bibi akauliza.

"Wanaye. Ana chumba kimoja na watoto sita."

"Chumba kimoja! Sita na tatu ni tisa. Tisa wanalala mu chumba moja, kwani ni tembo?"

"Huko hawafanyi hivyo, Bibi."

"Wanawavua nguo, wanawakata nywele, wanawagawanya," mwanamke mwingine akasema polepole. "Kama watumwa?"

Fundi alikata uzi kwa meno. Akatunga mwingine kwenye sindano. Swali lile likabaki pale pale, wala sikujua niliweke wapi.

Siku chache baadaye tukafika mahali ambapo yule mtoto mdogo, aliyetengwa na dada yake, anakataa kula. Anauliza kila mtu anayepita kama ameshamwona dada yake. Dada yuko upande wa pili wa ukuta uleule anafua nguo, na hana ruhusa ya kuvuka. Mtoto akashikwa na kikohozi. Akafa alfajiri, na dada akaambiwa baada ya kuzikwa.

Bibi aliweka mkeka wake chini, akapiga kelele ile ambayo wanawake wa Kasongo hupiga kwa jambo moja tu. Fundi alikuwa anatetemeka. Tulidhani ni huzuni, kumbe ni homa ya donda. Akafunga kitabu, akaingia ndani akalala, na kwa siku nne hakutoka wala kujua la mtu.

Sisi tukakaa matanga.

Sasa mnaweza kucheka. Lakini kwetu habari ya kifo ikifika, hata kama mtu amefia mbali sana, hata kama aliyeileta ni mgeni, kilio hukaliwa. Tulikuwa tumekaa matanga mara ngapi kwa watu waliofia Unyanyembe au pwani, ambao hatukuona hata kaburi lao? Na mtoto huyu tulimjua zaidi ya hao. Tulijua anavyolala, tulijua jino lake lililotikisika. Mtu alinong'ona kwamba hakuwa Mwislamu. Bibi akamkata, "Mutoto mudogo hana zambi. Lete muchele." Tukapika. Wanaume wakaona moshi na mikeka nje, wakaja kukaa kwa adabu, wakaanza kuulizana.

"Nani amekufa?"

"Mutoto."

"Wa nani?"

"Wa Ulaya."

"Ee! Na amefia wapi?"

"Huko huko."

Wakatazamana, lakini wali ulikuwa umekwisha kuletwa. Wakasoma Fatiha.

Siku ya tatu ya matanga, baba mkubwa akafika kutoka Kabambare na watu wake. Mpunga ulikuwa umevunwa. Alikuwa amekuja kutupanga. Alikaa ndani ya nyumba yetu na wazee wawili wa ukoo, akasema maneno yake vizuri, kwa upole. Kitinda mimba alikuwa nyuma yangu ameshika leso yangu. Nilipotakiwa kuitikia, sikuitikia. Niliwasimulia habari ya wale ndugu watatu tangu mwanzo hadi kaburini. Nikasema, "Baba mukubwa, hii ndiyo inampata mutoto akitengwa na ndugu zake."

"Hayo ni maneno ya kitabu," mzee mmoja akasema.

"Ni kweli. Alikuwa mutu, alikufa. Muko mu matanga yake sasa hivi."

"Utaapa?"

Niliapa. Niliuweka mkono wangu juu ya msahafu wa baba nikaapa kwamba mtoto yule aliishi na kwamba alikufa kwa kutenganishwa. Baba mkubwa akautazama ule msahafu. Mimi nilikuwa msichana wa kusema "ndiyo", na sijui ni nini kilichomgusa, hadithi au kiapo. Alisema, "Basi tuache kwanza. Wakae pamoja." Kesho yake akarudi Kabambare. Nilisujudu mpaka mchanga ukabaki kwenye paji la uso.

Siku iliyofuata Fundi alitoka nje, amekonda, anaegemea fimbo. Akaona majivu ya meko makubwa uani, akauliza nani amefariki. Bibi akampa pole, akamwambia yote: mchele, Fatiha, wanaume wa kule nje, na jinsi mimi nilivyowashinda wazee kwa kiapo.

Fundi aliketi mkekani.

"Bibi," alisema, "hakuna mtoto."

"Ndiyo, amekufa."

"Hakuwapo. Hajazaliwa. Yule mwandishi alikaa mezani kwake akamtunga. Dada mtu, kaka mtu, wote wametungwa."

Hatukuelewa. Hadithi tulikuwa nazo, za sungura na fisi, na kila mtu anajua sungura hasemi. Tenzi tulikuwa nazo, na zile ni za watu waliokuwapo. Lakini kumtunga mtoto, ukampa jino linalotikisika, ukamuua kwa baridi, ukawauzia watu waje kumlilia? Bibi alisimama wima. "Muongo anajuta akikamatwa," alisema. "Huyu anaandika kitabu!"

Mimi niliutazama mkono wangu wa kulia, ule niliouweka juu ya msahafu.

Fundi akajaribu kueleza, naye alikuwa anatafuta maneno. Alisema mtoto ametungwa, lakini ile nyumba haikutungwa. Nyumba ipo, ukuta upo, sheria ipo, na watoto waliofia humo wapo wengi ambao hakuna aliyewaandika. Waandishi wa kule hufanya hivyo, alisema. Wakubwa wao hawatazami maskini elfu, basi mtu hutunga mmoja, akampa uso, ili wamtazame huyo.

"Na wanamlilia?" nikauliza.

"Wanamlilia sana. Mwalimu wangu alikuwa akilia kila akisoma."

"Halafu wanabomoa ile nyumba?"

Badala ya kunijibu akasema kitu ambacho hata leo sijakisahau.

"Mimi nilipita hapa. Njia ile pale, penye miembe michanga, ndiyo tuliyopitishwa, nikiwa mdogo kuliko kitinda mimba wenu, na kamba shingoni. Nilikuwa na dada. Tulitenganishwa Kabambare, yeye akabaki, mimi nikavushwa ziwa hadi pwani, na manuari ya Waingereza ikakikamata chombo chetu baharini. Wanawake walikuwa kwenye baraza kama ninyi, wanapepeta mchele. Nilimtazama mmoja, akanitazama. Akaendelea kupepeta." Akakifunga kitabu ndani ya kaniki. "Mmempikia wali mtoto ambaye hayupo. Mimi nani alinikalia matanga?"

Hakupaza sauti. Angepaza, ingekuwa nafuu. Bibi alitoka akaenda nyuma ya nyumba. Mimi nilitazama njia ile. Nilikuwa nimeiona kila siku ya maisha yangu. Nilikuwa nimeona watu wakipitishwa hapo wakiwa wamefungwa, asubuhi, nikiwa na ubao wangu natoka chuoni, nami nilikuwa nikisimama kando ili wapite. Sikuwahi kujiuliza kama kati yao kuna ndugu. Kwa mtoto wa kitabu niliuliza, maana mtu alinisomea.

Nilimwendea mwalimu wangu wa zamani wa chuo. Akaniambia, "Uliapa ukidhani ni kweli. Hukukusudia uongo. Huna kafara ya kulipa." Nikafunga siku tatu hata hivyo. Lakini kufunga hakukutosha. Baba mkubwa alikuwa ametuacha kwa ajili ya kiapo kile, na kiapo kile hakikuwa na kitu ndani yake. Nikinyamaza, nitakuwa nimelishika neno la mama kwa uongo. Nikisema, huenda nikalipoteza. Nilizunguka na mawazo hayo siku mbili, kisha nikawakabidhi wadogo zangu kwa Bibi.

"Utaenda kujishitaki?" Bibi akasema. "Mudogo wako atachukuliwa, na miguu yako itakuwa na malengelenge."

"Nitaenda, Bibi."

"Haya. Kichwa ya mama yako ile ile." Akanifungia mchele na samaki mkavu.

Nilifuatana na wanawake wa msafara uliokwenda upande huo. Tulitembea siku sita. Nilifika Kabambare asubuhi, nimevimba nyayo, na baba mkubwa alikuwa uani anakagua mizigo. Mke wake, niliyemwita mama mkubwa tangu nikiwa mtoto, alikuwa karibu na mlango anachambua kunde. Nilimwamkia baba mkubwa, nikapiga magoti, nikasema kabla sijapewa maji, kwa kuogopa nitakunywa na kunyamaza.

"Baba mukubwa, kile kiapo hakina kitu. Mutoto yule hakuishi. Muzungu alimutunga."

Aliniuliza mara tatu, kama sisi tulivyomuuliza Fundi. Kisha akapandwa na hasira. "Nimesimulia habari hii katika kila nyumba ya Kabambare! Nimesema mwana wa ndugu yangu ameapa! Unataka watu wanicheke?"

"Nisamehe, Baba. Nimekuja kuondoa uongo wangu. Lakini iko mutu moja ambaye hakutungwa. Nimemuona kwa macho. Alitengwa na dada yake hapa, hapa Kabambare, walipopitishwa na kamba. Kwa huyo nitaapa tena."

Nilipokwisha kusema nikajua nimesema nini, na mbele ya nani. Mtu wa misafara, na misafara ndiyo iliyowafunga watu kamba. Wapagazi wawili waliokuwa wanafunga mzigo waliacha kamba mikononi.

"Msafara wa nani?" Baba mkubwa akauliza, taratibu.

"Hakumbuki. Alikuwa mudogo."

Ndipo nikasikia kunde zikimwagika. Mama mkubwa alikuwa amesimama, ungo umelala miguuni pake. "Iko na alama gani?" aliuliza. "Huyo mutu. Iko na chanjo ya kabila? Hapa, kwenye paji?"

Nilimtazama sikuelewa. Kisha nikaelewa: na yeye alikuwa akitafuta ndugu. Nilikuwa nimekula chakula cha mwanamke huyu, kila tulipotembelea Kabambare, tangu sijaota meno ya mbele. Nilimwita mama. Nilijua anapenda kunde zenye mawese, nilijua wimbo anaotwangia. Kwamba alitoka mahali, kwamba aliletwa, hilo nililijua kama mtu anavyojua kwamba mto umetoka mahali. Sikuwahi kuuliza.

"Hana chanjo, Mama," nilisema. "Iko na kovu chini ya sikio."

Alifumba macho. "Basi si wangu. Ndugu zangu walikuwa wanne, na wote walichanjwa." Akageuka kwa mumewe. Sikuwahi kumwona akimtazama hivyo, wala sijui kama alikuwa amewahi. "Uliponiletea ile habari ya mutoto wa moshi, nilipika wali. Uliniona. Ulifikiri namlilia muzungu?"

Baba mkubwa aligeukia mizigo yake, akawaambia wapagazi waende wakanywe maji. Alipozungumza alinizungumzia mimi, lakini macho yake hayakunifikia. "Watoto wakae na weye Kasongo. Sitaki kusikia kiapo kingine." Akaingia ndani.

Hilo ndilo nililolifuata, na nilipolipata sikuweza hata kushukuru. Niliinama nikaanza kuokota kunde, moja moja, mchangani. Mama mkubwa akainama karibu yangu. Tuliokota mpaka ungo ukajaa nusu.

"Mutu yule," alisema, "anaweza kutembea?"

"Kidogo. Mguu unapona."

"Mwambie aje hata hivyo. Wasichana waliobaki hapa nawajua wote. Nitamtajia majina yao, na yeye atanitajia ya dada yake."